Mguu Nilioupima kwenye Vumbi

Miaka ile ya foleni, duka la kijiji lilipokuwa na chumvi tu na muuzaji anayesinzia, mimi na mjomba wangu tulikuwaga watu wa maana sana pale Butiama. Tulitengeneza makatambuga, viatu vya tairi. Viatu vya dukani hakuna, tairi kuukuu zipo, basi walimu, wachunga ng'ombe, hata bwana harusi mmoja, wote walipita kwetu, kando ya mashine ya kusaga.

Tairi nilikuwa nazifuata Musoma, kwenye gereji, narudi nazo juu ya lori nimezikalia kama chifu. Nilimaliza darasa la saba, sikuchaguliwa, ndipo nyumbani Kiriba wakanileta kwa mjomba nijifunze ufundi. Lakini moyoni nilikuwa mwinjilisti tayari. Nikikata soli, nahubiri. Nikigonga msumari, "Amina!" Mjomba alikuwa ananiita mura, yaani kijana: "Mura, punguza wokovu kidogo. Umekata mguu wa kushoto mara mbili."

Mwaka huo kanisa letu likapata nafasi moja ya kijana kwenda kusomea uinjilisti Bunda. Niliitaka nafasi ile mpaka chakula kikawa hakipiti. Ushuhuda wangu wa usaili niliuandaa mapema: ndoto, mwanga juu ya ziwa, sauti inaniita. Ndoto niliiota kweli. Mwanga niliuongeza kidogo. Mchungaji naye akanipa Jumapili moja nihubiri, anisikie kabla hajanipeleka.

Alhamisi ya wiki hiyohiyo, mjomba akiwa msibani, akaja bibi mmoja aliyehamia kwa mwanawe kutoka upande wa Nyamuswa. Zamani aliugua ukoma. Alitibiwa akapona, ila miguu ilibaki na vidole vichache, na hisia hazikurudi. Alitaka makatambuga.

Sasa, mjomba alikuwa na sheria moja tu kazini. Mteja anavua, anakanyaga juu ya tairi, na wewe unamshika kifundo cha mguu kwa mkono mmoja, mwingine unazungushia mkaa. Hata awe ametoka zizini, unamshika. Mguu usioshikwa unayumba, na alama inadanganya.

Nikautazama mguu wa bibi. Nikasema, "Bibi, wewe kanyaga tu hapo kwenye vumbi, inatosha."

"Kumbe siku hizi mnapima hivyo?"

"Ndiyo bibi. Ni njia mpya."

Akanitazama kidogo, akakanyaga, akatabasamu. Nikapima ile alama kwa kijiti. Kesho yake asubuhi akachukua viatu vyake, akaondoka ananishukuru njia nzima.

Jumapili nikahubiri upendo. Nisiseme uongo, nilihubiri vizuri. Mama mmoja wa kwaya alilia. Nilijiona nipo Bunda tayari, nimevaa koti.

Tulipotoka nje kusalimiana, bibi akanijia mbiombio. "Mura, umehubiri mpaka nimesahau njaa! Na viatu hivi, Mungu akubariki, ni vyepesi!"

Nikaangalia chini. Kiatu cha kushoto kilikuwa kimelowa damu iliyoshikana na vumbi. Nikapiga magoti, nikakifungua. Msumari wangu ulikuwa umetokeza ndani, pale ubavuni anapoegemea akitembea. Vumbi halikunionyesha ubavu ule. Tangu Ijumaa alikuwa anatembea juu ya msumari, na hakujua.

Ndiyo mara ya kwanza nikaushika mguu ule. Ulikuwa na joto. Sijui nilitegemea nini.

"Unalia nini sasa?" bibi akaniuliza. "Mbona mimi mwenyewe siumii?"

"Ndiyo maana ninalia, bibi."

"Haya, lia, ila usinimwagie kamasi kwenye kidonda."

Zahanati haikuwa na dawa, mganga akatuambia maji ya chumvi yaliyochemshwa, asubuhi na jioni. Nilikwenda kuuosha mguu ule kila siku. Niliogopa sana, maana mguu wa namna ile ukioza unakatwa, na bibi alikuwa anaishi kwa kutembea: kuni, kisima, kanisa. Mjomba hakunigombeza. Alikiweka tu kile kiatu juu ya meza ya kazi, msumari ukiangalia juu, akaenda kunywa chai.

Siku ya usaili nikapanda basi kwenda Bunda. Wazee watatu walikaa mbele yangu. Mmoja akauliza, "Kijana, Mungu alikuita lini?"

Nikafungua mdomo niseme mwanga juu ya ziwa. Nikajikuta nasema, "Wiki iliyopita, nje ya kanisa." Nikawaeleza yote, vumbi, njia mpya, msumari.

Kisha mzee mwingine akasema, "Sasa wewe unataka kuhubiri, au unataka kushona?"

"Nataka kujua kiatu cha mtu asiyesikia maumivu kinatengenezwaje."

Wakacheka, si kwa ubaya. Nafasi alipata kijana mwingine, mwenye sauti nzuri, na ilimstahili. Nikarudi Butiama nimeinamia dirisha nisionekane machozi. Lakini yule mzee aliyeniuliza swali la mwisho alinipa barua niipeleke hospitali moja upande wa Musoma, kwa fundi wa viatu vya wagonjwa. Kwa fundi yule nilikaa mpaka nikajua: unashona na kugundisha, msumari hata mmoja hakuna, na juu ya tairi unaweka sponji laini. Bibi nilimshonea mwenyewe, kidonda kilipofunga.

Siku hizi ni ruksa, biashara imefunguliwa. Minadani Bunda mitumba imerundikwa, viatu vya ngozi, vya kamba, hata vya kuchezea mpira. Katambuga nani anataka? Mjomba amerudi kulima pamba. Mimi nimebaki na meza, maana kwenye marundo yale yote hakuna kiatu cha mguu wenye vidole viwili. Wananijia mpaka kutoka Murangi, wengine wamebebwa kwa baiskeli. Kuhubiri bado ninapenda, na mchungaji hunipa Jumapili mojamoja. Ila nikiulizwa kazi yangu sisiti tena: fundi viatu.

Wiki iliyopita bibi alikuja kupimwa jozi ya tatu. Nikalaza tairi chini, nikamshika kifundo, nikachukua mkaa. Nilikuwa nashika taratibu mno, akaona.

"Shika vizuri, mura," akasema. "Mguu huu hautekenyeki."

Nikaushika vizuri, nikazungushia mkaa mpaka ubavuni.