Vikombe Viwili vya Uji

Mimi shule niliishia darasa la tatu, kule Karagwe, kwa hiyo mtu asitegemee mapambo hapa. Nataka kusema jinsi mama mkwe wangu alivyokaribia kuwekewa mpira wa kulishia wa puani, na jinsi mkono wangu ulivyokuwemo.

Mama mkwe ndiye mzee kuliko wote katika mtaa wetu wa Remera. Mwanawe, aliyekuwa mume wangu, alitangulia, tukabaki wanawake wawili ndani ya nyumba. Ananiita mukazana, yaani mke wa mwanangu, kana kwamba sikuwahi kupewa jina. Kwa miaka mingi nilimwosha, nilimlisha, nilimnyanyua kwa kumkamata kwapani na kumvuta. Hakuna aliyenifundisha. Kwetu ukiolewa umeshafundishwa.

Kisha nikapasuliwa mtoto wa jicho. Daktari akaniambia nisiiname wala nisinyanyue kitu kizito mpaka nipone. Mwanangu, anayefanya kazi uwanja wa ndege Kanombe, hakuniuliza lolote. Alileta mwanamke aliyesomea kutunza wazee. Darasa alikuwa amemaliza, bado mazoezi ya nyumbani, na mwalimu wake angepita kumkagua kabla ya kumpa cheti. Umri wake thelathini na kitu, amekulia Bujumbura. Alikuja na boksi la glavu na kitabu cha mafunzo alichokifunika kwa plastiki.

"Umesomea kuosha wazee?" nilimuuliza siku ile ya kwanza.

"Ndiyo, Mama."

"Na waliokuzaa, uliwaosha kwa cheti gani?"

"Mama yangu alikufa nikiwa mdogo. Sikupata wa kumwosha."

Nilimwonyesha chumba cha mama mkwe. Lakini kuonyesha chumba si kukubali.

Nilishinda sebuleni, jicho moja limefunikwa, masikio wazi. Nilimsikia akisema, "Mukecuru," yaani bibi, "sasa nakugeuza upande wa dirisha," kabla hajamgusa. Mimi nilikuwa namgeuza tu, kama mtu anayegeuza godoro. Siku nyingine, mlango ukiwa nusu wazi, nilimwona anavyomwosha: anafunua mkono, anaosha, anakausha, anafunika kwa kitenge, ndipo anafunua mguu. Mama mkwe hakuwa uchi hata dakika moja. Mimi miaka yote nilimvua kila kitu, nikamwosha huku amefumba macho. Nilidhani amefumba kwa sababu ya sabuni.

Jambo hilo liliniuma, na kwa kuwa liliniuma nikazidi kumchukia yule mwanamke.

Ila kwenye kula alishindwa. Kila asubuhi alipika uji wa mtama, laini, hauna dosari.

"Mukecuru, unasikia njaa?"

"Hapana, mwanangu. Nimeshiba."

"Onja kidogo tu."

"Asante. Nimeshiba kabisa."

Kwa adabu, kwa sauti ya mtu aliyealikwa ugenini. Mchana hivyo hivyo, jioni hivyo hivyo. Alichokubali ni ndizi mbivu aliyoimenya mwenyewe, na maji ya chupa iliyofunguliwa mbele yake. Mlezi aliandika kwenye daftari lake: amekataa, amekataa, amekataa. Na mimi, niseme ukweli, nilifurahi. Nilijisemea, anautafuta mkono wangu. Hicho cheti kimlishe sasa. Sikuinuka kwenda kutazama.

Ijumaa alikuja muuguzi wa kituo cha afya. Kwanza alinifungua jicho, kisha akaingia kwa mama mkwe. Alimfinya ngozi ya mkono akaiachia, na ngozi ikabaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Akasema wazi kwamba mwili umekaukiwa maji: Jumatatu akikuta hali ni hiyo, anampeleka hospitalini akalishwe kwa mpira wa puani.

Nilimkuta mlezi jikoni anasugua sufuria ambayo ilikuwa safi tayari.

"Unalilia cheti?" nikamwuliza.

"Cheti nitakirudia, Mama. Nimewaona wazee wa mpira. Wanauvuta utoke, halafu inabidi wafungwe mikono. Huyu atauvuta. Huyu hakubali kushikwa bila kuambiwa."

Hapo furaha yangu iliniishia. Kwa siku chache tu yule mwanamke alikuwa amemjua mama mkwe zaidi ya nilivyotaka amjue.

"Leta uji," nikamwambia. "Mimi nitakaa pembeni."

Nilikaa kwenye kigoda pale chumbani, macho yote mawili wazi. Alinawa mikono, akavaa glavu, akamimina uji kutoka kwenye chupa ya chai kule kule jikoni, akaja na kikombe cha plastiki chenye mfuniko. Akamsogezea. Mama mkwe alikitazama kikombe. Kisha akamtazama yule mwanamke mdomoni, akangoja. Alingoja kama mtu anayengoja mwenzake amalize sala.

"Nimeshiba," akasema.

Ndipo nilipoelewa, na nikaona aibu kwamba ilibidi nielewe. Kwetu anayekupa kinywaji hunywa kwanza mbele ya macho yako. Iwe pombe ya harusi, iwe maziwa, aliyekileta anaonja ndipo anakupa, ili moyo wako utulie. Mimi kila siku nilipiga funda moja pale kitandani, nikijidai napima joto, wala sikujua kwamba ninafanya jambo.

Nilimvuta mlezi mpaka barazani. "Kwa nini huonji?"

"Haiko ruhusa, Mama. Imeandikwa." Akafungua kitabu, akanisomea: usiweke mdomo wako kwenye chombo cha mzee, unaweza kumwambukiza.

Nilitaka kumwambia kitabu ni cha wajinga. Nikakumbuka mwaka ule mafua yangu yalipomshukia mama mkwe kifuani, tukakesha naye hospitalini. Kitabu hakikudanganya. Na mama mkwe naye hakukosea.

Tulisimama pale, yeye na kitabu chake, mimi na mila yangu.

"Basi niipeleke chupa yote ya uji ndani," alisema polepole, "na vikombe viwili. Nimimine mbele yake."

Wazo hilo lilikuwa lake, si langu.

Tulirudi. Safari hii hakuvaa glavu, mikono ameinawa tu. Alimimina kikombe cha kwanza, akanywa, akameza, akafuta mdomo. Akamimina cha pili kutoka chupa ile ile, akampa kwa mikono miwili. Mama mkwe alikipokea. Alikunywa mpaka nusu, akapumzika, akamaliza.

Kisha akanigeukia. "Mukazana, nilidhani mmeshaamua."

"Tumeamua nini, Mama?"

"Kwamba mmenichoka. Mgeni anavaa mikono ya mpira kama anayeshika dawa ya panya, analeta kikombe kimefungwa, mwenyewe hakinywi. Na wewe huonekani."

"Si ungesema?"

"Mtu anauawa nyumbani kwake kwa heshima, halafu alalamike? Nilisema nimeshiba." Akamsogezea mlezi kikombe. "Ongeza. Wewe kwanza."

Jumatatu muuguzi alifinya ngozi, ikarudi mahali pake, akaondoka bila kutaja mpira. Mwalimu wa mlezi alikuja siku hiyo hiyo, mama mnene mwenye kalamu mbili. Alipoingia alimkuta mwanafunzi wake ameketi kando ya kitanda anakunywa uji.

"Unakula kazini?"

Mama mkwe akajibu kutoka kwenye mto: "Mwache anywe. Akiacha yeye, naacha na mimi."

Mwalimu aliuliza, akaelezwa, akahesabu vikombe kwa macho, akaandika kwa muda mrefu. Akaniomba nifike darasani kwao niwasimulie wanafunzi. Nikamwambia nitafika, ila kwanza huyu mwanafunzi wake anifundishe kuosha mtu chini ya kitenge, kwa kuwa atakapoondoka nitabaki mimi.

Alinifundisha wiki nzima. Siku moja, tunakausha mgongo wa mama mkwe, nikaona niseme.

"Alipokuwa anakukataa, mimi nilifurahi."

"Nilijua, Mama," akasema, bila kuacha kukausha. "Ulikuwa unaimba sebuleni."

Mama mkwe alikuwa amelala ubavu, ametugeuzia mgongo. Macho alikuwa hajafumba.