Sinema ya Mama Niliyoitia Maneno

Upumbavu wangu ni huu: nilichukua sinema anayoipenda mama, nikaitia sauti ya Kiswahili, nikaituma kwenye kundi la familia. Baba yumo humo.

Ni sinema ya zamani ya Hong Kong, ya Kikantoni. Mama ni muuguzi, na kila siku yake ya mapumziko huitazama hapa ughaibuni, mtaani kwetu Fereej Bin Mahmoud. Hakuna anayepigwa hata ngumi. Mwanamke yuko dirishani, mwanamume yuko ng'ambo ya barabara analoa mvua, wanapendana na hawasemi kitu.

"Mama, huyu jamaa ameishiwa bando?"

"Nyamaza wewe. Anangoja."

Nyumbani Kitale, alikobaki baba, kwenye vibanda vya video, sinema ya kigeni huwa na dijei anayeipigia domo mwanzo mwisho. Basi nikajifanya dijei. Mwanamume nikampa maneno ya baba, yale ya miaka mitatu sasa: "Mpenzi, mwaka huu lazima nije, acha tu nivune mahindi." Mwanamke nikampa maneno niliyomsikia mama akiiambia sufuria ya sukuma, akidhani niko bafuni: "Nimechoka kuolewa na simu."

Nikatuma. Shangazi akajibu kwa vikaragosi kumi vya kucheka. Nikajiona bingwa.

Halafu nikaona baba ameifungua. *Anaandika.* Akaacha. *Anaandika.* Akaacha tena. Hapo ndipo akili iliponijia, maana yale maneno ya sufuriani mama hakuwahi kumwambia baba. Mimi ndiye nimemwambia, tena kwa sauti ya puani.

Nikakimbilia kufuta. Kwa kiherehere nikabonyeza "futa kwangu". Video ikatoweka kwenye simu yangu tu. Kwa wengine wote bado inaimba.

Mama alikuwa zamu ya asubuhi, simu yake kabatini hadi saa tisa. Nikaosha vyombo. Nikaosha hata vilivyokuwa safi. AC inapuliza na mimi natoka jasho. Nikapanga uongo: nitasema nilitunga yote, sijasikia chochote. Nikawaza, wakiachana, nitawaambia nini watu? Kwamba ni utani?

Mama aliingia na sare yake, hakuvua viatu. Akaketi, akaitazama video mpaka mwisho bila kucheka. Kisha akabonyeza ujumbe wa sauti wa baba, uliokuwa umeingia yeye akiwa kwenye basi. Sauti ya baba ilikuwa ndogo, kama ya mtu aliyeitwa ofisini kwa mwalimu mkuu.

"Huyo wa kwenye mvua ni mimi?"

"Mama, naweza kumwambia nilitunga..."

Mama akanikata kauli:

"Mwambie ni yeye. Na maneno ya yule mwanamke, mwambie hukutunga. Ukimaliza, simu yako iweke hapa mezani."