Nani Kaudhamini Upelelezi?

Wiki hii, mahakamani Mpanda, mama mmoja wa kijiji cha Mwamkulu alisimama kumdhamini mwanawe anayeshtakiwa kwa mauaji. Nyuma yake ukoo mzima ukasimama. Kwao mtu hudhaminiwa kwa wingi wa watu.

"Mama, shtaka la mauaji halina dhamana, hata mngekuja kijiji kizima," hakimu alimwambia kwa upole.

Mwendesha mashtaka akarudia wimbo wake: "Upelelezi bado haujakamilika."

Mama akakaza kitenge kiunoni. "Sawa, mheshimiwa. Mwanangu abaki ndani asije akatoroka. Sasa huo upelelezi wenu, nani kaudhamini? Kila tarehe mwanangu analetwa, upelelezi wenyewe hauji."

"Kaa chini!" askari akafoka.

Hakukaa. Ukoo nao haukukaa. Nami, niliyekwenda kuandika habari tu, nikajikuta nimesimama.