Mwaga Kwanza Mfuko Unaoupenda

Siku zile za kampeni bado zinanilia masikioni, mwanangu. Kolwezi nzima ilikuwa kelele: vipaza sauti juu ya magari, akina mama wakiimba, pikipiki zikizunguka na bendera za wagombea. Wewe leo unaona bei ya kobalti imeanguka, depo za kununua mawe zimefungwa, faranga imekuwa nyepesi, na wagombea wanakuja kila mmoja na dawa yake. Unadhani mambo haya yameanza na wewe. Nilipokuwa na umri wako ilianguka shaba, depo zikatiwa makufuli vilevile, na wanunuzi wakaondoka bila kuaga.

Shule niliiacha mapema. Nilikaa Dilolo nikitazama mizigo ya mpakani, kisha nikasikia kwamba Kolwezi watu wanashuka ardhini kwa kamba, na mimi nikataka kujua huko chini kuna nini. Ndivyo nilivyoingia timu ya Tata Mwepu, yaani Baba Mwepu. Tulimwita PDG, mkurugenzi mkuu kwa Kifaransa, kama wachimbaji wanavyomwita kila mkuu wa shimo, ingawa PDG wetu alivaa kandambili. Mali yetu ilikuwa moja, pampu ya kunyonya maji. Shimo lilikuwa limefika kwenye jiwe zuri sana, lakini pampu ikinyamaza siku chache tu, maji yanajaa na kuta zinaporomoka. Na mafuta ya pampu yalikuwa yanakwisha.

Hapo ndipo wagombea wawili walipotushika. Wa kwanza, bwana mmoja wa kofia nyekundu, aliahidi mafuta kwa kila pampu na depo ya serikali itakayonunua mawe yetu. Wa pili, mama mmoja wa sauti ya chini, alisema shaba itachelewa kupanda, basi atatoa mbegu na mashamba upande wa Lubudi, pamoja na treni ya kubeba mavuno. Timu ikagawanyika. Wenzangu walitaka pampu iuzwe twende kulima. Mimi nilitaka tubaki tulinde shimo hadi mafuta ya kofia nyekundu yafike. Tata Mwepu alipaswa kuamua kabla ya mvua, na alijua kwamba akikosea tutabaki bila pampu, au bila chakula, au bila vyote viwili.

Mimi nilikuwa nimeshampenda kofia nyekundu. Nilivaa fulana yake hadi ikachujuka. Mpango wa yule mama niliupekua kama mwizi: nilienda stesheni kwa miguu yangu, nikakuta mabehewa yameota majani ndani. Nikarudi mbio, ninacheka, nikamsimulia Tata Mwepu. Alinisikiliza hadi mwisho, akafurahi pamoja nami, halafu akauliza, "Na ya kofia nyekundu, ulienda kuangalia fasi gani?"

Fasi, yaani mahali. Nikaitazama fulana yangu iliyochujuka.

"Mutoto, mbele ya kupeleka mawe ku depo, tunamwanga mufuko gani wa kwanza?"

Nikueleze, mwanangu, maana wewe hujachimba. Mnunuzi haamini mdomo wa mfuko. Anaumwaga wote juu ya turubai, anachanganya, anachukua mawe ya chini, kwa sababu kila mchimbaji anajua kuuvalisha mfuko: mawe ya kijani juu, takataka chini. Basi Tata Mwepu alikuwa na sheria yake. Kabla ya depo tulimwaga wenyewe nyumbani, tukianza na mfuko tunaouringia zaidi, kwa kuwa huo ndio ambao hakuna mtu anayeupekua.

"Ule tunapenda," nikajibu.

"Njo vile. Sasa vua iyo fulana kidogo, uende kumwanga."

Jumapili wagombea wote wawili walikuja uwanja wa mpira kuzungumza na wachimbaji. Nikanyoosha mkono. "Tata kandida, tunaomba tumwange mufuko." Uwanja mzima ukaangua kicheko, kila mmoja ameelewa. "Mafuta ya pampu itatoka fasi gani? Itafika mbele ya mvua ao nyuma?"

Alitabasamu, akazungumza juu ya serikali, juu ya washirika, juu ya kesho ya watoto wetu. Mtu akapaza sauti kutoka nyuma, "Tata, iyo ni ya juu. Tuonyeshe ya chini." Bwana yule akapangusa uso. Ninamheshimu hadi leo, kwa sababu akasema kweli: mafuta yatakuja baada ya uchaguzi, kama bajeti itakubaliwa. Yaani baada ya mvua, na shimo likiwa limeshaporomoka.

Ningepaswa kusikitika, lakini nilifurahi. Nilikuwa sijawahi kuona swali la mtu mwenye matope miguuni likimfanya mkubwa abadilishe maneno yake. Tukamgeukia mama, turubai ileile.

"Treni sina," akasema. "Pale nilisema mbio. Lakini mbegu iko ku parokia, muende muone, na mashefu ba Lubudi balikubali kutoa mashamba."

"Mama, mahindi tutabeba ku kichwa?"

"Ku kichwa, ao ku kinga," akajibu, yaani kwa baiskeli, na watu wakapiga miluzi.

"Na mukianguka ku uchaguzi?" nikamuuliza.

"Mi nikianguka, mbegu itaota tu."

Tulienda parokia. Mbegu zilikuwapo. Tata Mwepu akaizunguka pampu kama mtu anayemwangalia ng'ombe, kisha akasema haiuzwi, inakuja nasi Lubudi. Shimo linakunywa mafuta usiku na mchana, bustani ya kando ya mto inakunywa kidogo. Ahadi zote mbili zilipokwisha kumwagwa, pampu ndicho kitu kilichobaki juu ya turubai ambacho kilikuwa chetu tayari, na sote tulikuwa tumekipita tukitazama majukwaa. Mvua za kwanza ziliangusha shimo, hakuna mtu ndani. Kiangazi madereva wa malori ya Fungurume walikula nyanya zetu. Shaba ilipopanda tena tulirudi kuchimba, na pampu yetu ilirudi ikinuka vitunguu.

Utaniuliza nilimpigia nani kura. Sikuambii, maana utaenda kumpigia mjukuu wake anayegombea leo.

Ninachokuomba ni hiki, mwanangu. Usipime mgombea mmoja kwa macho na mwingine kwa mizani. Wamwage wote juu ya turubai moja, uwaulize maswali yaleyale: inatoka wapi, itafika lini, na mgombea akishindwa kitabaki nini. Yule moyo wako umemchagua, anza naye, na umchanganye hadi chini. Kisha uangalie mikononi mwako mwenyewe una nini, kabla hujakiuza.

Mungu akupe swali zuri na kifua cha kuliuliza mbele za watu. Akujaze mfuko ambao chini yake ni kama juu yake, na siku mvua ikianza, ikukute umeshapanda.