Watazamaji Saba wa Singo

Nina chumba cha picha Nangurukuru. Kwa kuwa mimi ni mwanamke, kwenye shughuli nyingi za kike za huku huitwa mimi, maana mpiga picha wa kiume haingizwi kwenye singo, pale bibi harusi anaposuguliwa liwa, unga wa msandali, na kufundwa, na wanawake wamevua mabaibui wanacheza wapendavyo.

Mwaka juzi mama mmoja alinipigia kutoka Omani. Alikuwa anafanya kazi za ndani huko, na ruhusa ya kuja kumwoza binti yake hakuipata.

"Mwanangu, simu za ndugu huko zinatikisika, picha inakatakata," alisema. "Wewe una kamera nzuri. Nataka nimwone kama nimekaa naye mkekani."

Nikamjibu inawezekana, ilhali kamera yangu niliitumia kwa picha za mnato tu na nilikuwa sijawahi kurusha kitu mubashara. Wiki nzima nilihangaika. Nikapata waya wa kutoka kwenye kamera hadi kwenye kompyuta, na kidude cha kuunganishia. Mara picha inakuja na alama ya betri juu ya paji la uso wa mtu, mara kamera inajizima yenyewe. Nilifungua kila ukurasa wa mipangilio mpaka nikapata pa kuziondoa alama zile na pa kuikataza kulala.

Siku yenyewe, baada ya adhuhuri, niliifunga kamera kwenye miguu yake mitatu uani. Nikawaahidi wanawake: anayeangalia ni mama wa bibi harusi peke yake. Linki nilimtumia yeye tu. Kwenye pembe ya kompyuta palikuwa na namba ya watazamaji, nayo ilisoma moja.

Ngoma ilipokolea, namba ikawa tatu. Kisha saba.

Shangazi wa bibi harusi, ndiye msimamizi wa shughuli, alikuwa katikati ya uwanja, kichwa wazi, kanga kiunoni. Nikajidanganya kwamba labda mama kafungua kwenye simu nyingi. Nyimbo mbili nzima nilinyamaza, namtazama shangazi, naitazama namba. Hatimaye nikaziba lenzi kwa mkono na kumpigia mama.

"Mbona giza?" akauliza.

"Mama, linki umempa nani?"

"Nimeiweka kwenye grupu la ukoo. Nilitaka wafurahi pamoja nami."

"Wanaume wamo?"

"Wamo."

Nikamweleza shangazi. Ngoma ikakatika hapo hapo. Wanawake wakayarukia mabaibui kama kwamba wanaume wameshaingia uani. Mmoja, mgeni kutoka Nyangamara, akanikazia macho: "Si ulituambia ni mtu mmoja?"

"Izime hiyo," akasema somo, bibi aliyekuwa anamsugua mwali.

Bibi harusi, ambaye kwa desturi alitakiwa kuinama na kunyamaza, akauinua uso wake wenye liwa. "Na mama yangu je?"

Wakatazamana. Shangazi ndiye aliyeamua: nitengeneze linki nyingine, mama aape, kamera imwone mwali tu, na wengine wote wakae nyuma ya kamera. Mama akaapa: "Wallahi, simpi mtu." Nikafunga matangazo ya kwanza, nikafungua mapya. Wakaimba kwa sauti ya chini nyuma ya mgongo wangu. Mtandao ulipoyumba, namba ilishuka sifuri ikarudi moja, na kila iliporudi niliikodolea macho nihakikishe haijapita moja.

"Geuka kidogo, mwanangu, nikuone," sauti ya mama ikatoka kwenye spika ya simu yangu. Binti akageuka. Machozi yakachora njia kwenye liwa, somo akampaka tena bila kumkemea.

Nilipokuwa nakunja waya, shangazi alinijia. "Aliyeisambaza si wewe," alisema. "Lakini namba uliiona wewe." Akaenda zake.

Matangazo yale ya kwanza niliyafuta upande wangu. Upande wa wale wengine sita sijui. Huenda kuna aliyehifadhi. Kwa miezi kadhaa, kila nilipoona vijana wamejikusanya wanachekea simu, nilipita karibu yao nikijifanya nanunua kitu, nikachungulia. Mpaka leo sijaona chochote. Bado naitwa kwenye singo, ila sasa kompyuta naielekeza kwa wanawake wenyewe, wasome namba kwa macho yao.