Treni ya Mkongeni na Mpangaji Wetu

Mataruma yale, magogo ya kulazia reli, yalirundikwa nyuma ya choo chetu masika yalipoanza kukolea, na harufu yake iliingia nyumbani kabla ya habari ya treni yenyewe. Ilikuwa harufu nzito ya lami na mafuta machafu. Ilipanda kila jua lilipochungulia baada ya mvua, ikashika kwenye shuka zilizoanikwa, ikafika hata kwenye uji wa asubuhi. Mama alihamisha kamba yake ya nguo mara mbili, kisha akakata tamaa. Baba hakuhamisha kitu. Alisimama kwenye mlango wa uani, mikono nyuma, akiyatazama magogo yale meusi kama mtu anayemtazama mgeni aliyeketi bila kukaribishwa. "Hakuna aliyetuuliza," alisema, na maneno hayo niliyasikia mara nyingi msimu ule.

Tuliishi Mkongeni, kitongoji kilichoota juu ya shamba la zamani la katani nje ya mji wa Morogoro, mahali ambapo ukielekea mjini milima ya Uluguru inabaki begani kwako njia nzima. Kiwanja kilikuwa cha ukoo wa mama, maana kwa Waluguru ardhi hufuata upande wa mama. Baba alikuwa mtu wa kuja. Alitoka Urambo akiwa kijana, akaajiriwa kwenye kiwanda cha nguo, akapanda hadi kuwa fundi wa mitambo ya kufumia. Nilipofika darasa la tano, kiwanda kilikuwa kimefungwa. Kwanza tuliambiwa kimefungwa kwa muda, kisha kwamba kimepata mwekezaji, na mwekezaji huyo hakuna aliyewahi kumwona uso. Ilikuwa miaka ile ya soko huria, ambapo kila neno jipya lilikuja na kufuli lake. Watu wa Mkongeni waliokuwa wakifuma vitenge sasa walivaa mitumba. Baba hakukubali. Aliapa hatavaa shati la mtu asiyemjua, akaendelea kuvaa ovaroli lake la kazini, limefuliwa na kupigwa pasi, kila siku ya Mungu, bila kazi ya kwenda.

Masika yale mto ukalibeba daraja. Barabara ya mjini ikakatika, magari yakaacha kuja, na kila aliyetaka soko, hospitali au ofisi alizunguka kwa miguu kupitia mashamba, matope yakimfika magotini. Mama, aliyekuwa akiuza mboga za Mgeta sokoni, kabichi na njegere na karoti, alianza kuondoka alfajiri na kurudi jioni, miguu imevimba. Hapo ndipo mwenyekiti wa mtaa alipopita na kipaza sauti akitangaza kwamba ile reli ndogo iliyokuwa ikipeleka pamba kiwandani, ambayo kwa miaka ilikuwa imelala chini ya majani, itafufuliwa na kuongezwa kipande kipya hadi Mkongeni. Treni ya abiria itakuja asubuhi na jioni. Na kwa majuma ya mwanzo, safari itakuwa bure.

Nadhani neno hilo la mwisho ndilo lililoharibu kila kitu. Mtafunwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka, na sisi tulikuwa tumetafunwa vya kutosha. Kwenye genge la Mama Tatu, jirani yetu, watu walijadili kwa sauti ya chini. Toka lini serikali iliyoshindwa kutengeneza daraja ikaweza kujenga reli? Reli inapita kiwandani kwa sababu gani? Wapo waliosema tutahamishwa. Baba alikuwa na wazo lake, akalisema polepole, kama mtu anayeshusha kitu kizito. "Mitambo yetu haiwezi kutoka kwa barabara. Ni mizito. Hii treni haikuja kwa ajili ya miguu ya Mama Zuhura." Zuhura ni mimi, wa kwanza kati ya watoto watatu.

Ndani ya shaka hiyo akaingia mpangaji. Aliitwa Bwana Semkiwa, mtu wa Tanga, msimamizi wa kile kipande kipya cha njia, na alihitaji chumba karibu na kazi yake. Mama alimpa chumba cha mbele bila kumuuliza baba. Mgeni njoo mwenyeji apone, alisema, na mazungumzo yakaishia hapo. Alikuwa mtu mrefu, mpole, mwenye sauti ya taratibu na tabia ambazo kwetu zilionekana za ajabu. Alipiga magoti kwenye reli akagongagonga kwa nyundo ndogo huku ameinamisha sikio. Alipita kwa kiberenge, kile kigari kidogo cha reli, pamoja na vibarua wake, kisha akarudi peke yake kwa miguu. Asubuhi tulipokwenda shule, ambayo ilikuwa ng'ambo ya reli, tulimkuta amesimama kando ya tuta, akitutazama na kuandika kwenye daftari. Kila alipoingia uani, baba alinyamaza katikati ya neno.

Siku moja ya Jumamosi baba aliniita. Nilikuwa nimeshika fagio. Aliniuliza, macho yake yakiwa kwenye redio aliyokuwa akiifungua skrubu, "Ukifagia chumba cha mpangaji, huwa unaona nini?" Nikasema naona kitanda, viatu na daftari. "Na kusoma unajua," akasema. Nikaenda kufagia.

Daftari lilikuwa mezani, limeandikwa kwa kalamu ya risasi, herufi safi kama za mwalimu. Nilisoma nikiwa nimeinama, fagio mkononi. Nyumba ya bati jekundu, wanne. Nyumba ya muuza genge, wawili, na bibi asiyesikia vizuri. Nyumba yangu ya kupanga, watatu. Orodha iliteremka hadi mwisho wa ukurasa, Mkongeni nzima, nyumba kwa nyumba. Nikafunua. Ukurasa wa pili ulikuwa na mistari michache tu. Hawa wote huvuka reli asubuhi. Linahitajika geti, au mlinzi mwenye bendera, kabla treni haijaanza. Na chini yake: binti mkubwa wa mwenye nyumba wangu huvuka peke yake, akikimbia, hatazami.

Sijui kama nilikuwa nimeona aibu au hofu ya kujua kwamba mtu mzima ananitazama namna nakimbia. Nilitoka, nikamwambia baba kwamba Bwana Semkiwa ameandika nyumba zetu zote na idadi ya watu waliomo. Baba akaweka bisibisi chini. Akavuta kigoda, akanikalisha mbele yake kama mtu mzima mwenzake. "Hebu rudia," akasema. Nikarudia. Tangu kiwanda kifungwe baba alikuwa hasikilizi mtu, alikuwa akijibu maswali yetu akiwa ameshapita. Siku ile aliniangalia usoni, akasubiri kila neno langu. Ukurasa wa pili sikuusema. Sikusahau. Niliona tu kwamba nikiusema, ataokota bisibisi yake.

Jioni hiyohiyo, jua halijatua, uani kwetu walijaa watu. Bwana Semkiwa aliporudi, matope hadi kwenye magoti, alisalimia, na wakaitikia wachache. Baba akamuuliza anahesabu nyumba za watu kwa idhini ya nani.

"Nahesabu watoto, Baba Zuhura," akajibu. "Wanaovuka. Naomba geti."

"Kwa nini hukusema?"

"Ningesema, mngeniamini?"

Mama Tatu akacheka kicheko kikavu. Mtu mmoja akasema wapimaji wa barabara kuu nao walianza hivyohivyo, kwa kuhesabu. Bwana Semkiwa akatutazama mmoja mmoja, akafika kwangu, akapita. Kama alijua nani anafagia chumba chake, hakuonyesha. Alisema, "Daftari lipo, someni wenyewe," lakini baba akainua mkono. Alisema hana haja ya kusoma karatasi iliyoandaliwa, amesoma za kutosha kiwandani. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama, na ukurasa wa pili nilikuwa nao kichwani. Bwana Semkiwa alifungasha begi lake kabla ya magharibi, akaenda kuishi kwenye behewa bovu lililoachwa karibu na kiwanda. Mama aliingia ndani, na kwa siku tatu alimpakulia baba chakula bila kukaa naye.

Siku ya uzinduzi ilikuja bila mvua. Waliweka shamiana, viti vya plastiki na utepe, ikaletwa kwaya kutoka mjini. Mgeni rasmi alizungumza juu ya maendeleo na sekta binafsi, na kipaza sauti kikipiga miluzi. Sisi wenyeji tulisimama mbali, kwenye migomba, mikono kifuani, kwa sababu tulikuwa tumekubaliana kwamba hapandi mtu. Treni yenyewe ilikuwa kichwa kimoja cha dizeli na mabehewa mawili ya daraja la tatu, yamepakwa rangi upya juu ya kutu. Honi ikalia. Watu wa shamiana wakapanda wakipunga mikono, na upande wetu hakuna aliyepunga.

Ndipo mama akatoka kwenye migomba. Alikuwa na tenga lake la kabichi kichwani, kana kwamba ni siku ya kawaida ya soko, na kumbe kwake ilikuwa hivyo. Baba akamwita kwa jina lake la ubini, jambo ambalo hakuwahi kulifanya mbele za watu. Mama akageuka, tenga halikutikisika.

"Nimetembea wiki sita kwa miguu," akasema. "Kama ni mtego, leo nitanaswa nikiwa nimekaa."

Watu wengine wakacheka, ingawa hawakutaka. Kisha mama akaninyooshea mkono. Sikumtazama baba. Nilivuka uwanja ule mfupi ambao mpaka leo sijawahi kuvuka mrefu kuliko huo, nikapanda, nikakaa karibu na dirisha. Treni ilipoanza kusogea nilimwona baba kati ya migomba, na ovaroli lake la buluu lilikuwa safi kuliko nguo zote za siku ile. Mbele kidogo, kwenye njia ya shule, geti halikuwepo. Alikuwepo Bwana Semkiwa mwenyewe, bendera nyekundu mkononi, amenyoosha mkono mwingine kama ukuta, na nyuma ya mkono huo kundi la watoto wa Mkongeni na bibi wa Mama Tatu, aliyekuwa hasikii honi, wamesimama wakisubiri tupite.

Juma lililofuata walipanda watu wengi, na juma la tatu ilibidi kugombea nafasi. Mama Tatu ndiye aliyekuwa wa kwanza mlangoni. Hakuna aliyezungumza tena juu ya daftari, na hakuna aliyekwenda kwenye behewa bovu kusema samahani. Kila asubuhi nilipofika kwenye kivuko cha reli nilimwamkia Bwana Semkiwa, "Shikamoo," naye akaitikia, "Marahaba. Tazama huku, kisha huku." Nilitazama huku, kisha huku, nikavuka nikitembea. Nilipanga kila siku kumwambia kwamba ni mimi niliyelisoma daftari, na kila siku nikaona kesho ndiyo itafaa zaidi. Kiangazi kilipoingia akahamishwa, na sikujua hadi nilipomkuta mtu mwingine ameshika bendera.

Kiangazi hichohicho daraja jipya likakamilika. Haikupita mwezi, mchana kweupe, treni ikaja na mabehewa ya wazi yamefungwa nyuma ya yale ya abiria. Yaliingia kiwandani matupu, yakatoka yamebeba vitu vikubwa vilivyofunikwa turubai. Baba alikuwa amesimama kwenye tuta. Turubai halimfichi kitu mtu aliyekifungua na kukifunga kwa miaka kumi na tisa. Alitaja mitambo mmoja baada ya mwingine kwa namba zake, kwa sauti ya kawaida, mpaka behewa la mwisho. Watu wakamgeukia, wakisubiri aseme kwamba alisema. Hakusema. Alikwenda nyumbani, akavua ovaroli, na mwezi huo akaanza kulima njegere kwenye shamba la wajomba zangu mlimani. Treni ya Mkongeni ilipunguzwa ikawa moja kwa siku, kisha moja kwa juma, kisha hakuna. Kuhusu treni, baba alikuwa sahihi. Kuhusu mtu, alikosea, nami nilijua.

Sasa mimi ni muuguzi, na Mkongeni ni mtaa wa kuta na mageti ya chuma, ambapo ukimuuliza mtoto reli ilipita wapi anakuonyesha duka la vifaa vya ujenzi. Majirani hawajadiliani kwenye genge, wanatumiana shaka kwa simu, na inafika kabla ya chai kupoa. Mwaka jana nilimpeleka baba Dar es Salaam kutazamwa macho, tukapanda treni hii mpya ya umeme. Alikigusa kiti, akauliza nani anaimiliki, akauliza tena. Nilipoona amestarehe, nilimwambia. Nilimweleza ukurasa wa pili wote, mstari kwa mstari, maana sijawahi kuusahau.

Aligeuzia uso wake kwenye dirisha ambalo nilijua halimwonyeshi kitu zaidi ya mwanga.

"Nilijua kuna kitu umebakiza," akasema. "Ulikuwa umesimama kama mtu mwenye maji mdomoni."

"Mbona hukuuliza, baba?"

"Ningeuliza, ungenijibu," akasema.

Enzi zile safari ya Mkongeni hadi mjini ilikuwa na nafasi ya kukosana, kunyamaza na kupatana kabla ya kushuka. Hii ya sasa ina haraka. Nilipokuwa bado natafuta la kumwambia, mji mdogo wa Mikese ulikuwa umeshapita, na sauti ya kike juu ya vichwa vyetu ikitutangazia kituo kinachofuata.