Blanketi la Maua Kumi

Juzi mwanafunzi wangu wa kroshia hapa mjini Wote aliniuliza blanketi hupunguzwaje. Nilimwambia asiogope: ahesabu mishono ya ua moja, kisha atoe maua mazima, la sivyo ukingo utaharibika.

Hayo nilijifunza mchana mmoja, jikoni kwa shangazi aliyenilea, mbaazi zikinukia motoni. Nilikuwa nimeanza kufuma blanketi la kitanda tulicholalia watatu, mimi na binti zake wawili.

"Punguza theluthi," shangazi alisema.

Nilidhani uzi hautatosha. Nikahesabu kwa vidole: mishono mia na themanini, ua moja mishono kumi na miwili, basi maua kumi na tano. Nikafumua yote, nikaanza upya na maua kumi.

"Aiya! Huyu ana kichwa," shangazi alisema.

"Hesabu tu ndiyo anajua," binti mkubwa akacheka.

Nilidhani ni wivu, nikazidi kukazana.

Blanketi lilipoisha, shangazi aliwafunika binti zake kwa kujaribu, likawatosha. Kisha akaniambia nifunge nguo zangu, kuna watu huko Malili wanatafuta yaya.